Tairi Bila Tyubu na Magauni Sita Meupe

Nitawaambia ukweli wote kabla hamjausikia kwa shemeji yangu Machuki, maana yeye akiusimulia anatia chumvi mpaka mboga haziliki. Ni kweli kwamba niliwachafua mashemasi sita wa kanisa la kina mke wangu kule Nyaramba, Sabato ya Meza ya Bwana, wakiwa wamevaa meupe kuanzia shingoni hadi miguuni, na ni kweli kwamba mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, na ni kweli pia (hapa ndipo watu hunitazama mara mbili) kwamba niliwachafua kwa tairi la baiskeli. Aibu ile bado ninayo. Nikimwona mama yeyote wa kanisa lile sokoni Keroka huwa nakumbuka ghafla kitu cha kununua upande wa pili wa barabara. Lakini nisikilizeni hadi mwisho, kwa sababu katika mkasa huu kuna vitu viwili ninavyojivunia, na cha kwanza ni lile tairi lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya upili nje kidogo ya Keroka (hilo la kemia liwekeni akilini, litakuja kunishtaki baadaye), na mwaka juzi nilipatwa na ugonjwa wa baiskeli. Sisemi baiskeli ya kubebea maziwa, nasema baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda na kiti chembamba ambacho mama mkwe alipokiona mara ya kwanza alimwuliza mke wangu kama nimekatwa mshahara. Niliinunua mkono wa pili, nikaisugua hadi ikang'aa, nikaanza kuamka mapema na kupanda nayo vilima vyetu hivi, na nisiwafiche, nilikuwa napendeza. Shida ilikuwa matairi. Yale iliyokuja nayo yalikuwa membamba, ya tyubu, hayana hata mstari mmoja wa kushika chini. Asubuhi jua likiwaka yanakimbia vizuri, lakini mnajua huku kwetu jua ni la kuazima, ikifika saa nane mvua inalidai, na ile lami ya Keroka pale malori yanapoegesha ina mafuta ya miaka mingi, ikilowa inateleza kama mboga ya enderema kwenye sahani. Nilianguka pale mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tena watu wakipogoa ua wa kayaba wanaacha vijiti vyenye miiba barabarani, na kuna wiki moja nilipata pancha nne, hadi fundi wa baiskeli pale stendi akaacha kuniita Mwalimu akawa ananiita Pancha.

Kwa hiyo nikaamua kutafuta matairi ya majira yote, na yawe yale yasiyo na tyubu. Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua, na wewe unayejua vumilia. Tairi la namna hiyo linabana rimu lenyewe na hewa inakaa ndani bila tyubu yoyote, halafu humo ndani unamimina dawa fulani ya majimaji, nyeupe, iliyotengenezwa kwa utomvu wa mpira, ambayo tairi likitobolewa inakimbilia kwenye tundu na kuliziba kabla wewe hujajua umetobolewa. Nilichagua kwa miezi miwili. Nilikuwa na daftari. Ya milimita ishirini na tano niliyakataa kwa sababu ya barabara zetu za changarawe ya murram, ya ishirini na nane nikayaona mazuri lakini ya mtu wa mjini, ya thelathini na mbili yangegusa uma wa baiskeli yakishika tope (nilipima nafasi kwa kidole, kisha kwa penseli, kisha nikarudia kwa kidole), na mwisho nikatua kwenye thelathini. Mpira nao una mambo yake, kuna mgumu unaodumu lakini hauelewani na maji, kuna laini unaoshika lami iliyolowa lakini unaisha upesi, na mimi nikapata tairi la mchanganyiko, katikati gumu la kukimbilia, pembeni laini lenye mistari midogo ya kushikia kona. Moraa, mke wangu, aliniambia hata yeye sikumchagua kwa makini kiasi hicho. Nikamjibu kwamba yeye hakuja kwa saizi nne. (Jioni ile nilijipikia chai.)

Matairi yalifika kutoka Nairobi na chupa moja ya dawa. Pampu yangu ya mkono haikuweza kuyakalisha kwenye rimu, kwa sababu yanataka hewa nyingi kwa mpigo mmoja, basi nikayapeleka kituo cha mafuta penye kompresa. La mbele lilikaa kwa kishindo, paa, paa, hadi akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara wakainama nyuma ya vikapu vyao, na mimi nikasimama pale nimeshika kiuno kama niliyeliunda mwenyewe. La nyuma lilinichezea. Kabla halijashika rimu lilikohoa likatema nusu nzima ya chupa juu ya sakafu ya kituo, na nilipolikalisha mara ya pili dawa iliyobaki ilikuwa vijiko viwili vitatu. Niliagiza chupa nyingine, nikaambiwa itafika wiki ijayo. Kuanzia siku hiyo nilipita mahali palepale penye mafuta mvua ikinyesha, nikainamisha baiskeli makusudi kwenye kona, na matairi yakashika. Yule fundi aliyekuwa akiniita Pancha aliona kwa macho yake, akatikisa kichwa tu, na mimi nililala na furaha.

Sasa, hiyo wiki ya kungoja chupa ndiyo iliyoishia Sabato ya Meza ya Bwana. Mama mkwe amekuwa shemasi tangu Moraa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na Sabato hiyo alikuwa awekwe wakfu kuwa mkuu wa mashemasi wa kanisa lao, mbele ya mchungaji mgeni na mbele ya watu wote anaowajua duniani. Lilikuwa jambo kubwa. Moraa ni fundi wa nguo, ana duka lake hapa Keroka, na yeye ndiye aliyewashonea mashemasi wote sita magauni mapya, meupe kabisa, ya mikono mirefu na kola ndogo, na aliyakalia kwa wiki tatu hadi vidole vikaota sugu. Alitangulia Alhamisi na watoto ili awapime mara ya mwisho. Mimi nilibaki kwa sababu ya vipindi vya Ijumaa. Mwalimu mwenzangu anayetoka upande ule alinipa nafasi katika gari lake, nikamwambia asante, nina usafiri. Nilitaka kufika ukweni juu ya matairi yangu.

Ijumaa jioni nikaitikisa baiskeli, nikaweka sikio kwenye tairi la nyuma, sikusikia kitu kikicheza ndani. Dawa ilikuwa imekauka. Safari ya kesho ni ndefu na nyua za kayaba ni nyingi. Nikasimama kwenye dirisha la jikoni nikiwaza, na mbele ya macho yangu, nyuma ya nyumba, ilikuwepo migomba. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniletea yote haya. Nikajiambia, dawa ile ni nini kama si utomvu? Na mgomba una nini kama si utomvu? Utomvu wa mgomba unanata kwenye kisu, unanata kwenye mikono, unanata hata kwenye nia yako ya kula ndizi, kwa nini usinate kwenye tundu la mwiba?

Kila mtoto wa Kisii anajua pia jambo la pili kuhusu utomvu huo, kwamba ukidondokea nguo unaonekana maji matupu, halafu ikipita saa moja hivi unageuka kahawia, na hapo hakuna sabuni wala ndimu wala maombi. Sote tulichapwa na mama zetu kwa ajili yake. Mimi nililijua jambo hilo, hata sababu yake ya kikemia ninaifundisha kidato cha pili, lakini nilikuwa nawaza tairi, na tairi ni jeusi.

Nikakata mgomba, nikakinga utomvu kwa sufuria, nikauchuja kwa chujio la chai la Moraa, nikautia ndani kupitia kwenye valvu kwa bomba la sindano la maabara, nikapiga pampu. Kisha nikalijaribu. Nilichukua pini ya ubao wa matangazo nikaichomeka kwenye tairi, nikaichomoa, likatoka tone moja, likatoka la pili, tundu likatulia. Nililala nikijiona mgunduzi. (Jua lilikuwa bado halijatua nilipomaliza, au lilikuwa limebakiza ukingo tu. Tutalirudia hilo jua.)

Asubuhi nilishika barabara mapema, na ile safari nisingeibadilisha kwa kitu chochote. Kulikuwa na manyunyu tangu Keroka, lami inang'aa, na matairi yalikuwa yanaimba chini yangu. Baada ya Nyamira kuna miteremko ambayo zamani niliishuka nimeshika breki na roho, siku hiyo niliishuka nikiwasalimu watu kwa mkono mmoja. Nilipokaribia Nyaramba nikasimama kwenye shamba la chai ili nibadilishe nguo, kwa sababu kwetu kuna chinsoni, yaani heshima na kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake. Humgusi mama mkwe, humkaribii ovyo, huongei naye mzaha, na Mungu apishe mbali akuone katika suruali ya baiskeli inayobana kila kitu ulichozaliwa nacho. Nikaingia katikati ya chai nikavaa suruali ya suti na koti. Chai, kama mnavyojua, inafika kiunoni tu, na kwaya ya vijana ilipita wakati uleule, lakini hiyo ni aibu ndogo, siihesabu.

Nilifika kanisani watu wakiwa bado uani wanasalimiana. Mashemasi sita walikuwa wamejipanga mlangoni kuwapokea wageni, na jamani, walikuwa wamependeza. Jua la asubuhi lilikuwa limejitokeza na yale magauni yalikuwa yanaumiza macho kwa weupe. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenye mstari, mrefu, amenyooka, Biblia kifuani. Nilimsalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa, naye akaitikia vizuri akitazama pembeni. Moraa alikuwa amesimama karibu naye akiwa na sindano bado imechomekwa kwenye kola yake mwenyewe, na nilimwona anavyoitazama kazi ya mikono yake, nikaona fahari ya kuwa mume wa fundi yule. Ningeegesha baiskeli nyuma ya kanisa, ningeingia nikaketi, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Niliiegesha pale mbele ya mlango. Machuki, shemeji yangu, ndugu yake Moraa anayemfuata, ana pikipiki ya kubeba abiria na anajiona ndiye mwenye digrii ya matairi ukoo mzima. Akalibonyeza tairi, akaniuliza tyubu ya saizi gani. Nikamwambia haina. Akacheka, akawaita wenzake, akawaambia mwalimu amesafiri kutoka Keroka bila tyubu, na watu wakaanza kukusanyika. Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa sauti kidogo ili na wa nyuma wasikie. Machuki akasema hayo ni maneno ya kwenye vitabu, tairi likitobolewa limetobolewa. Kanisa lao lilikuwa linaezekwa upya na misumari ilikuwa imedondoka uani, akaokota mmoja akanyoosha mkono, akasema tuone.

Mtu mwenye akili angesema leo ni Sabato, shemeji, tuache. Mimi nilipokea msumari. Niliinua gurudumu la nyuma, nikauchoma katikati ya tairi hadi kichwa, watu wakaguna, nikauchomoa, na kwa kuwa dawa inatakiwa isambae ili ilifikie tundu, nikafanya kama wataalamu wanavyofanya, nikalizungusha gurudumu kwa nguvu zangu zote.

Nilikuwa nimesahau mambo mawili. Kwanza, msumari wa bati si pini ya ubao wa matangazo. Pili, nilikuwa nimeligeuzia gurudumu mlango wa kanisa. Likatoa mlio mrefu, na katika kuzunguka kwake likarusha mstari wa majimaji ulioanzia kwa mama mkwe ukapita kifua hadi kifua mpaka kwa shemasi wa sita, ukarudi, ukapita tena magotini. Halafu kukawa kimya. Tundu lilikuwa limeziba. Nikalibonyeza tairi mbele ya Machuki, gumu kama jiwe, na wale wanaume wakapiga makofi, mmoja akasema amina, na mimi (Mungu anisamehe) nilitabasamu kwanza ndipo nikageuka kuwatazama akina mama.

Walikuwa wanajipangusa. Hakuna kilichoonekana, matone tu kama ya manyunyu. Mimi nilichomoa kitambaa changu cha jasho nikapiga hatua mbili kumwelekea mama mkwe, mkono umenyooka kumfuta, na mstari mzima wa mashemasi ukarudi nyuma kwa pamoja, maana mkwe anayemfuta mama mkwe kifuani mbele ya kanisa, hilo hata wazee wetu hawakulitungia adhabu. Nikausimamisha mkono hewani. Nikaurudisha, nikafuta rimu ya baiskeli kwa kile kitambaa kana kwamba ndiyo niliyokuwa naiendea tangu mwanzo, nikakitia mfukoni. Moraa akaniuliza ni nini hicho kilichokuwa ndani.

"Dawa ya tairi," nikamjibu. "Ni maji maji tu."

Hapo ndipo nilipokosea kuliko pale penye msumari. Kulikuwa na mapipa ya maji nyuma ya kanisa, magauni yangesuuzwa upesi, yangeingia ibadani yamelowa lakini meupe. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, mgomba. Lakini Machuki alikuwa bado analipapasa tairi langu kwa heshima, na neno lile nikaliacha, nikajidanganya kwamba ile dawa iliyokaukia ndani imeupunguza nguvu utomvu, na kengele ikalia tukaingia.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mashemasi walikaa mstari wa mbele wakitupa mgongo, na migongo ilikuwa myeupe, nikaanza kupata matumaini. Baadaye tukatoka kwa ajili ya kuoshana miguu, kama ilivyo desturi yao kabla ya Meza, wanawake chumba chao, wanaume chini ya hema. Machuki akanichagua mimi. Akapiga magoti na karai lake, akaniosha miguu polepole, akaniambia ananiomba msamaha kwa kunicheka, kweli tairi langu ni tairi. Machozi yalinilenga. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kitambaa nijifute uso, na kilikuwa kimegeuka kahawia, kahawia ya chai isiyotiwa maziwa.

Sijui nilirudije ndani. Najua kwamba upande wa akina mama kulikuwa na mnong'ono ambao hauhusu miguu. Mashemasi walikuwa wamesimama mbele sasa, wametugeukia, kandokando ya meza iliyofunikwa, na kwenye kila gauni kulikuwa na mistari miwili ya madoa, mmoja kifuani, mmoja magotini. Kila mtu mle ndani alizaliwa kwenye migomba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa yale ni madoa ya nini. Wageni walikuwa wameandaliwa matoke nyumbani kwa mama mkwe baada ya ibada, na kila mtu alijua hivyo pia, kwa hiyo hesabu ilijipiga yenyewe: badala ya kuandaa Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuanza, kama watu wanaoishika, akina mama hawa wameingia shambani asubuhi hii kukata ndizi, tena wakiwa na magauni ya Meza ya Bwana. Wakiongozwa na yeye anayewekwa wakfu leo.

Mzee Nyamweya, mzee wa kanisa, mtu mpole lakini wa sheria, alinong'ona na mchungaji, kisha akasimama. Akasema kwa huzuni kwamba ibada itaendelea, ila lile jambo la kumweka wakfu mama yetu litangoja, kuna mambo tunahitaji kuelewana kwanza. Mama mkwe alikuwa amenyooka vilevile, ametazama mbele, ila mikono ilikuwa inajaribu kuficha madoa na haikujua ianze na lipi. Moraa alikuwa amefunika mdomo. Miaka yote ile ya yule mama, kufagia lile kanisa, kuoka mkate wa meza ile, kuwaosha wafu wa kijiji, ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya tairi langu zuri.

Nikasimama. Mkwe hasimami kusema mbele ya wakwe bila kuombwa, lakini nilisimama.

"Mzee, madoa hayo ni ya mgomba," nikasema, "lakini si wao waliokata. Ni mimi. Nilitia utomvu kwenye tairi la baiskeli, na tairi likawarushia pale mlangoni."

Mzee Nyamweya akaniuliza tairi gani, nikasema la baiskeli, akauliza utomvu unafanya nini ndani ya tairi, na hapo, ndugu zangu, mbele ya meza ya Bwana, mkate umefunikwa, mchungaji mgeni ameshika Biblia, nilijikuta naeleza habari za matairi yasiyo na tyubu kuanzia rimu hadi valvu. Nilitoa hata kitambaa changu nikakiinua kama ushahidi. Nadhani nilitaja milimita thelathini. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yanatikisika, nami nikadhani analia. Nikamalizia kwa kusema kwamba nilijua, tangu pale mlangoni nilijua, na nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wananisifu.

"Na huo mgomba," akauliza Mzee Nyamweya, "uliukata lini?"

"Ijumaa, mzee."

"Jua lilikuwa limetua?"

"Lilikuwa bado," nikasema, halafu kwa kuwa siku ilikuwa ya ukweli nikaongeza, "kidogo."

Kicheko kilianzia kwa kwaya ya vijana (walikuwa wameshaniona asubuhi kwenye chai, walikuwa na akiba) kikaenea hadi kwa wazee. Mimi nilibaki nimesimama na kitambaa changu, sijui nikae au nitoke nje niendelee kutoka hadi Keroka. Na ndipo mama mkwe akazungumza. Chinsoni haimruhusu kunigombeza usoni wala mimi kumjibu, kwa hiyo aliongea na binti yake, huku ameniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimwoe Moraa.

"Moraa, mwambie mwalimu akae. Meza inangoja."

Nikakaa. Akaiacha mikono yake ikashuka, akaacha kuficha. Aliwekewa mikono na mchungaji akiwa na gauni lile lile lenye mistari miwili ya kahawia, kisha akawaongoza wenzake watano wakakunja kitambaa cha meza polepole, pembe kwa pembe, kama vile duniani hakuna nguo iliyowahi kushonwa safi kuliko zile. Nimeona watu wakubwa wakivaa suti za bei, sijamwona aliyevaa kitu vile. Hicho ndicho kitu cha pili ninachojivunia, kwamba yule ni mama mkwe wangu.

Baada ya ibada Moraa alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba yao na sahani ya matoke isiyoguswa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi kwa wiki zake tatu na vidole vyake. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kwa upole uliotisha, chujio lake la chai liko wapi. Nikamwambia. Akasema vizuri, wakati anashona magauni mengine sita mimi ndiye nitakayepika, nitakayefua na nitakayebeba maji, na chai nitaichuja kwa meno. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, isipokuwa hilo la meno, nilinunua chujio jipya Jumapili asubuhi. Kabla hajaniacha pale alisema mama ameniagizia swali, anauliza kama lile tundu lilishika.

"Limeshika," nikasema.

Na limeshika mpaka leo. Chupa yangu ya dawa ilifika wiki iliyofuata, nikasafisha utomvu wote nikatia ile ya kweli, lakini ninyi nendeni mkalitazame lile tairi, alama ya msumari iko pale katikati na halijawahi kupoteza hewa. Nimeapa kwamba sitatia tena kwenye tairi kitu ambacho sikukinunua kimeandikwa tairi, na sitachoma msumari mbele ya mtu yeyote aliyevaa nguo, ya rangi yoyote. Ukweni nikienda kwa baiskeli naiegesha nyuma ya zizi la ng'ombe.

Moraa alimaliza magauni mapya, mashemasi watano wakavaa yao, ya zamani wakayafanya matambara. Mama mkwe alilipokea la kwake, akashukuru, akalikunja akaliweka sandukuni, na kila robo ya mwaka Meza ya Bwana inapofika anatokea na lile la madoa, limefuliwa, limepigwa pasi, mistari miwili iko palepale. Tulidhani amelisahau lile jipya. Halafu mwaka huu shemasi mmoja mgeni alimnong'oneza pale mlangoni kwamba gauni lake limeharibika, na Moraa alikuwa karibu akasikia jibu.

"Wakwe wengine huleta blanketi," mama alimwambia. "Wangu aliniletea madoa haya, akasimama mbele ya watu akasema ni yake."